Si Kila Katuni ni ya Watoto

Je, nyumbani mwako yuko kijana ambaye mazungumzo yake yote ni roboti, kompyuta na miji ya siku zijazo? Akina mama wengi hutuuliza wafanye nini. Wako wanaopiga marufuku filamu hizo bila kuzitazama. Wako pia wanaosema, "Ni katuni tu," wakamwacha mtoto wa miaka sita atazame pamoja na kaka yake. Tunaona kwamba wote wamekosa jambo moja: hawajaketi na kijana wao.

Ni filamu za namna gani?

Vijana huziita saibapanki. Ni hadithi za kubuni ambamo mitambo imeendelea sana, lakini maisha ya watu yamedidimia. Blade Runner ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 1982, ilibuni Los Angeles ya mwaka 2019. Akira, katuni ya Mjapani Katsuhiro Otomo ya mwaka 1988, ilibuni Tokyo mpya ya mwaka huohuo. Katika Akira mna damu, mauaji na miili inayoharibika vibaya. Imechorwa kwa ustadi mkubwa, lakini haikuchorwa kwa ajili ya watoto wadogo.

Swali lililomo

Katika Ghost in the Shell, katuni ya Mamoru Oshii ya mwaka 1995, yumo askari wa kike aitwaye Motoko Kusanagi. Mwili wake umetengenezwa kiwandani. Kilichobaki cha asili ni ubongo. Naye hujiuliza: Je, mimi bado ni mtu?

Sisi wauguzi swali hili si geni kwetu. Tunawahudumia wenye miguu ya bandia na wenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo. Hatujaona hata mmoja aliyepungukiwa utu kwa sababu hiyo. Kijana anayeuliza utu wa mtu uko wapi hajapotea. Anahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye. Hata Osamu Tezuka, aliyembuni mtoto roboti Astro Boy, alikuwa amesomea udaktari.

Macho na ubongo

Lipo jambo jingine ambalo kila mzazi alijue. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, runinga ilionyesha katuni ya Pokémon yenye kisa kilichotendeka ndani ya kompyuta. Mwanga mwekundu na wa buluu ulipokezana mara 12 hivi kwa sekunde. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali, wengine wakiwa na kizunguzungu na kichefuchefu, wengine wakitetemeka na kupoteza fahamu. Katuni hiyo ilisimamishwa kwa miezi minne, na kipindi kile hakijarudiwa tena.

Wapo watu wachache ambao ubongo wao hauvumilii mwanga wa kumetameta. Kwa hiyo:

• Mtoto asitazame gizani. Washa taa ya chumba.
• Akae mbali na kioo cha runinga, na asitazame akiwa amechoka au amekesha.
• Mwanga ukianza kumetameta na akajisikia vibaya, azibe jicho moja kwa kiganja na kugeuka upande.
• Akianguka na kutetemeka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumdhuru, usimtie kitu chochote mdomoni. Ikizidi dakika tano, mkimbize hospitali.

Tena tafadhali, mama, usiseme mtoto amepagawa. Kifafa ni ugonjwa, nacho kina dawa.

Keti naye

Weka utaratibu: wadogo wakalale kwanza, masomo yamalizike, kisha filamu moja. Halafu keti kando ya kijana wako umwambie, "Mwanangu, hebu nieleze, huyu ni nani na anatafuta nini?" Atakueleza kwa furaha kuliko unavyodhani. Nawe utajua kinachomvutia na kinachomtisha, na ni kipi asichostahili kutazama bado. Amri peke yake haitakufundisha hayo.