Kwa nini virusi vya chikungunya havioti kwenye chakula cha maabara?

Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka Masasi na Newala, kwenye Uwanda wa Makonde. Watu walishikwa na homa ya ghafla na maumivu ya viungo makali kiasi cha kutembea wamejikunja. Neno la Kimakonde la kujikunja huko ndilo lililoenea duniani: chikungunya.

Ingekuwa bakteria, maabara ingejaribu kuwaotesha. Kawaida wanapewa supu ya nyama na hamira. Wanashiba kweli, ila wewe huna hakika mle ndani mna nini na kwa kiasi gani. Ndiyo maana watafiti hubuni chakula ambacho kila kitu kimepimwa. Maarufu ni M9, kinachotumika sana kwa bakteria wa E. coli. Kwenye lita moja ya maji unaweka glukosi gramu 4, chumvi ya amonia gramu 1, fosfeti za sodiamu na potasiamu kama gramu 9, chumvi ya kawaida nusu gramu, halafu magnesiamu salfeti na kalsiamu kidogo sana. Basi. Hakuna nyama, hakuna vitamini.

Glukosi inaleta nguvu na kaboni, amonia inaleta nitrojeni ya kujengea protini, fosfeti inaingia kwenye DNA na pia inazuia uchachu. Ukitaka kujua bakteria wako anategemea nini, ondoa kimoja uone kama ataota. (Kalsiamu na magnesiamu huchemshwa chupa tofauti. Ukizichemsha pamoja na fosfeti, yanatokea machicha meupe na kazi imeharibika.)

Sasa weka virusi vya chikungunya humo. Hakuna kitu, hata uongeze nini. E. coli ana jiko lake mwenyewe, virusi havina. Lazima viingie kwenye seli hai na kupikia humo. Kwa hiyo mtafiti R. W. Ross, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1956, alitumia panya hai kuvipata kutoka kwenye damu ya wagonjwa.

Na antibayotiki je? Zinaharibu jiko au ukuta wa bakteria, vitu ambavyo chikungunya haina, kwa hiyo haziiponyi. Mgonjwa hupewa maji, mapumziko na parasetamoli. Ila pima malaria kwanza, maana homa hizi zinafanana.