Mnyama Ambaye Mguu Wake Ukikatwa Huota Mwingine

Mjusi wa nyumbani akishikwa mkia huuacha nyuma akakimbia, na baadaye mkia mwingine huota. Jambo hilo wengi wetu tumeliona tangu utoto. Lakini mkia ule wa pili si sawa na wa kwanza: ndani yake hamna pingili za mifupa, ila mrija wa gegedu tu. Na mjusi huyo huyo akikatwa mguu, atabaki kiwete mpaka kufa kwake.

Yuko mnyama apitaye mjusi kwa mbali sana. Jina lake ni aksoloti, naye ni aina ya salamanda, jamaa ya chura. Salamanda hawana asili katika nchi zetu za kusini ya Sahara. Aksoloti ni mwenyeji wa mifereji ya Xochimilco, katika jiji la Mexico. Hukaa majini maisha yake yote, na matamvua yake ya kupumulia hutokeza nyuma ya kichwa mfano wa manyoya. Akikatwa mguu, huota mguu mwingine wenye mifupa, misuli, ngozi na vidole vyote, hata usiweze kuutambua na ule wa zamani.

Habari za salamanda si ngeni kwa wenye elimu. Mwaka 1768 padre Mwitalia, Lazzaro Spallanzani, alieleza jinsi alivyowakata miguu na mikia, akaona vyote vikirudi. Mwaka 1864 aksoloti walio hai walipelekwa Paris, wakazaana huko, na wazao wao wakaenea katika maabara za dunia.

Je, kazi hiyo hufanyikaje? Kwanza, ngozi hutambaa ikafunika kidonda upesi, kwa muda wa saa chache tu. Kisha chembe hai zilizo karibu na kidonda huacha kazi zake za ukubwani, zikarudia hali ya uchanga. Hukusanyika chini ya ngozi ile mpya zikafanya kinundu kidogo, mfano wa chipukizi la mti. Kinundu hicho hukua, hurefuka, hubapa, na mwisho vidole hugawanyika. La kustaajabisha ni kwamba chembe hizo hazisahau asili yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa chembe ya msuli huzaa msuli, wala haigeuki kuwa ngozi.

Lakini kinundu hakijitegemei. Mwaka 1823 tabibu Mwingereza, Tweedy John Todd, alikata mshipa wa fahamu uendao kwenye mguu wa salamanda, na mguu ukashindwa kuota. Tena mwaka 2013 wataalamu waliokuwa Australia waliziondoa katika mwili wa aksoloti zile chembe zinazokula uchafu na wadudu wa maradhi. Kidonda kikafunga, kikafanya kovu, na mguu haukurudi.

Hapo ndipo tunapotengana naye. Mwili wa mwanadamu hufanya haraka kuziba jeraha kwa kovu, ili damu isipotee na maradhi yasiingie. Kovu hutuokoa na mauti, lakini hufunga mlango wa kiungo kipya. Hata hivyo hatukunyimwa kabisa. Mwaka 1974 Daktari Cynthia Illingworth wa Sheffield, Uingereza, aliandika juu ya watoto waliokatika ncha za vidole, nazo zikaota tena.

Chura naye ana fundisho. Kiluwiluwi huweza kuotesha mguu, lakini akisha kuwa chura mzima uwezo huo humtoka. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za chura mwenye makucha, ambaye asili yake ni Afrika. Walikifunika kigutu chake kwa dawa tano kwa muda wa saa 24 tu, na kwa miezi 18 mguu ukaendelea kukua. Haukuwa kamili, lakini ulisikia ulipoguswa. Basi uwezo uliolala huweza kuamshwa, ingawa kwa mwanadamu dawa ya namna hiyo haijapatikana, wala mtu asidanganywe na mwuzaji asemaye anayo.

Na huku wataalamu wakitafuta, mwalimu wao yumo hatarini. Maji ya Xochimilco yamechafuka, na samaki walioletwa na watu, kama perege wa asili ya Afrika, hula mayai na watoto wa aksoloti. Katika hesabu ya mwaka 1998 walikuwa kama 6,000 katika kila kilometa ya mraba. Mwaka 2014 walionekana 36 tu. Maelfu wanafugwa katika matangi, lakini hao ni wazao wa wachache. Mnyama huyu huweza kurudisha mguu wake uliokatwa; ziwa lake hawezi kulirudisha. Kazi hiyo ni ya wanadamu, nao ndio wenye haja naye.