Baada ya Kengele ya Mwisho: Jinsi Walezi wa Vijana Wanavyofunzwa Kazi

Kengele ya mwisho inapolia, masomo ya siku huwa yamekwisha, lakini siku ya kijana bado ni ndefu. Baadhi ya wanafunzi hurejea nyumbani kusaidia kazi, na wengine hubaki shuleni au huenda katika kituo cha vijana. Huko huwa kuna klabu ya sayansi, kundi la uhifadhi wa mazingira, mazoezi ya michezo au chumba cha kujisomea. Katika Afrika Mashariki shughuli za namna hii zina historia ndefu. Shirika la Wildlife Clubs of Kenya lilianzishwa mwaka 1968, na wanafunzi wenyewe walikuwa mstari wa mbele katika kuliasisi. Mpango wa Roots & Shoots, ambao leo umeenea katika nchi nyingi, ulianza Dar es Salaam mwaka 1991, pale Jane Goodall alipokutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake.

Kila moja ya shughuli hizo humtegemea mtu mzima mmoja au wawili wanaokaa na vijana, nasi tutamwita mtu huyo mlezi. Pengine ni mwalimu aliyekwisha kufundisha vipindi vingi tangu asubuhi. Pengine ni kijana aliyemaliza masomo na kujitolea. Makala haya yanajaribu kujibu swali moja kumhusu: mlezi hufunzwaje kazi yake hata aimudu?

Ugumu wa kazi ya mlezi

Yumkini wako wanaodhani kwamba kazi ya mlezi ni nyepesi kuliko ya mwalimu darasani, kwa kuwa haina mtihani wala muhtasari wa masomo. Kwa kweli ni kinyume. Darasani mwanafunzi hana budi kuhudhuria. Katika klabu huja kwa hiari yake. Kijana asiyeona faida haleti malalamiko. Wiki inayofuata haonekani, na basi. Klabu iliyoanza mwezi wa kwanza kwa shangwe huweza kubakiwa na watu wachache ifikapo katikati ya mwaka, na aghalabu lawama huwaangukia vijana kwamba ni wavivu, au mlezi kwamba hafai.

Utafiti unaonyesha kwamba kuwepo kwa klabu peke yake hakutoshi. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Joseph Durlak na Roger Weissberg, walichapisha uchambuzi wa programu 73 za baada ya masomo zilizolenga kukuza tabia njema na stadi za vijana. Programu zilizofaulu zilikuwa na sifa nne: mafunzo yalipangwa hatua kwa hatua, vijana walitenda badala ya kusikiliza tu, ulitengwa muda maalumu kwa ajili ya kila stadi, na malengo yalielezwa waziwazi. Programu zilizokosa sifa hizo hazikuonyesha faida iliyoweza kupimika, ingawa nazo zilikuwa na watu na vyumba. Ni dhahiri basi kwamba tofauti ilitokana na yale ambayo walezi waliyafanya pamoja na vijana.

Kwa nini semina peke yake haitoshi

Njia ya kawaida ya kuwafunza walezi ni semina. Walezi hukusanywa ukumbini kwa siku mbili au tatu, mkufunzi huzungumza, vitini hugawiwa, na mwishoni kila mmoja hurudi kwake akiwa na ari kubwa. Baada ya mwezi mmoja, ukimtembelea, waweza kumkuta akifanya kazi vilevile kama alivyofanya kabla ya semina.

Jambo hili halitokani na uzembe. Kujua jambo na kuweza kulitenda ni vitu viwili mbalimbali. Anayejifunza kuendesha baiskeli anaweza kueleza barabara jinsi ya kukanyaga pedali na kushika usukani, na bado akaanguka. Sababu yake ni kwamba akili ya mwanadamu huweza kushughulikia mambo machache tu kwa wakati mmoja. Stadi mpya hudai uangalifu mwingi hadi itakapozoeleka. Ukumbini mlezi ana nafasi ya kuifikiria. Kwenye klabu ana vijana 30, vifaa haba, wawili wanaogombana na mmoja anayetaka ruhusa ya kuondoka. Uangalifu ukisha kutawanyika hivyo, mazoea ya zamani hushika hatamu, maana hayahitaji kufikiriwa.

Mwaka 1980 Bruce Joyce na Beverly Showers wa Marekani walichapisha matokeo ya mapitio ya tafiti nyingi kuhusu mafunzo ya walimu walio kazini. Walizitaja hatua tano: kueleza nadharia, kuonyesha kwa vitendo, kumpa mwanafunzi nafasi ya kujaribu, kumweleza jinsi alivyofanya, na, ya tano, kumfuata mahali pake pa kazi na kumsaidia aitumie stadi hiyo huko. Semina nyingi hukomea hatua ya kwanza au ya pili. Hatua ya tano ndiyo tutakayoiita uelekezi, na mtu anayeifanya tutamwita mwelekezi.

Wazo hili si geni kwetu. Fundi seremala hamfunzi mwanagenzi wake kwa hotuba. Humpa randa, humtazama anavyoisukuma, humrekebisha mkono, kisha humwachia aendelee. Kesho humtazama tena.

Mfano wa sekunde tatu

Ili jambo hili lieleweke vizuri, na tuchukue stadi moja ndogo. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alirekodi sauti katika madarasa ya sayansi nchini Marekani, akapima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali. Aligundua kwamba kwa wastani walimu walisubiri takriban sekunde moja tu. Baada ya hapo walirudia swali, walimtaja mwanafunzi mwingine au walijibu wenyewe. Walimu waliofunzwa kusubiri sekunde tatu au zaidi waliona mabadiliko: majibu yalirefuka, wanafunzi wengi zaidi walijitokeza kujibu bila kutajwa, na maswali ya wanafunzi wenyewe yakaongezeka.

Kanuni hiyo yaweza kuelezwa kwa dakika mbili, na kila mlezi atakubali kwamba ni nzuri. Hata hivyo kuitekeleza ni kazi. Sekunde tatu za kimya mbele ya kundi huonekana ndefu mno kwa aliyeuliza swali; huona kana kwamba amekosea au kwamba vijana hawakuelewa. Tena mlezi hawezi kujipima huku akiongoza mazungumzo. Hapo ndipo mtu wa pili anapohitajika, naye aketi nyuma na saa mkononi.

Jinsi mwelekezi anavyofanya kazi

Uelekezi mzuri una hatua tatu. Kwanza, kabla ya kipindi, mwelekezi na mlezi hukubaliana juu ya jambo moja la kutazamwa. Likiwa moja, mlezi hulishika. Yakiwa kumi, yote humponyoka.

Pili, wakati wa kipindi, mwelekezi huandika aliyoyaona na kuyasikia, wala haandiki maoni yake. Kuandika "mlezi hana mvuto" hakumsaidii mtu. Tuseme badala yake ameandika hivi: "Maswali 12. Mara 10 alisubiri chini ya sekunde mbili. Majibu yote yalitoka kwa vijana wanne walioketi mbele. Wasichana watatu dirishani hawakusema neno." Maandishi hayo hayamtukani mtu, lakini yana mengi ya kufundisha.

Tatu, baada ya kipindi, na siku hiyohiyo ikiwezekana, wawili hao huketi faraghani. Mwelekezi huanza kwa kuuliza: "Mwalimu, wewe mwenyewe ulionaje?" Kisha humsomea aliyoyaandika na kumwachia nafasi ya kufikiri. Mara nyingi mlezi hutambua mwenyewe lililopungua kabla hajaambiwa. Mwishowe huchagua hatua moja ya kujaribu wiki ijayo, na mwelekezi huahidi kurudi. Ahadi hiyo isipotimizwa kazi yote hudhoofika, kwa sababu stadi haijengwi kwa ziara moja.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwelekezi si mkaguzi. Mkaguzi huja kupima kama kazi inafikia kiwango, na taarifa yake huenda kwa wakubwa. Ukaguzi una mahali pake, lakini mtu anayekaguliwa huonyesha yale anayoyaweza tayari na kuyaficha yanayomshinda, ilhali yanayomshinda ndiyo yanayohitaji msaada. Kwa hiyo maandishi ya mwelekezi hayana budi kubaki kuwa mali ya mlezi mwenyewe. Yakitumiwa hata mara moja kumnyima mtu cheo, imani itakwisha.

Ushahidi wa majaribio

Je, gharama ya kumtuma mtu shule hadi shule ina faida kuliko semina? Jibu moja zuri limetoka katika bara letu. Katika mkoa wa North West nchini Afrika Kusini, mwaka 2015 na 2016, walimu wa kusoma wa madarasa ya awali waligawiwa kwa bahati nasibu. Shule 50 zilipewa mafunzo ya pamoja nje ya kituo cha kazi, na shule nyingine 50 zilipewa waelekezi waliowatembelea walimu madarasani. Mipango ya masomo na vitabu vilikuwa sawasawa kwa pande zote mbili. Baada ya miaka miwili, faida iliyoletwa na mpango katika kusoma kwa watoto ilikuwa kubwa takriban maradufu katika shule zilizotembelewa.

Hao walikuwa walimu wa darasani. Kwa upande wa programu za baada ya masomo, jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2012 lilihusu vituo 87, navyo vilevile viligawanywa kwa bahati nasibu. Katika kundi moja, viongozi na walezi walitazamana kazini kwa kutumia orodha maalumu ya mambo yanayoonekana, wakachagua machache ya kurekebisha, wakapata mafunzo mafupi juu ya hayo na msaada wa mwelekezi. Ubora wa kazi ya walezi wa kundi hilo ulipanda kuliko wa kundi lisilosaidiwa.

Hata hivyo uelekezi si dawa ya kila ugonjwa. Uchambuzi wa tafiti 60 uliochapishwa mwaka 2018 na Matthew Kraft na wenzake ulithibitisha kwamba uelekezi huboresha ufundishaji, lakini pia kwamba nguvu yake hupungua mipango inapopanuliwa kufikia walimu wengi sana. Waelekezi hodari hawapatikani kwa urahisi. Tena hakuna mwelekezi awezaye kumsaidia mlezi asiyepewa hata saa moja ya kujiandaa.

Jaribio kwa wasomaji

Shule isiyo na fungu la fedha yaweza kuanza na walezi wawili wanaotembeleana kwa zamu, mmoja wa klabu ya sayansi na mwingine wa klabu ya mazingira. Wanachama wa klabu nao wanaweza kushiriki, kwa idhini ya mlezi wao, maana kumpima mtu kwa siri ni kumvunjia heshima. Mwanafunzi mmoja ashike saa yenye mshale wa sekunde. Mwingine aandike kila swali linaloulizwa, muda uliosubiriwa na nani aliyejibu. Fanyeni hivyo kwa vikao vitatu kabla ya kubadili lolote. Kisha mlezi ajizoeze kusubiri sekunde tatu, nanyi mpime vikao vitatu vingine. Linganisheni wastani wa muda na idadi ya vijana waliozungumza katika sehemu hizo mbili, mchore na jedwali la matokeo.

Pengine tofauti itakuwa ndogo, pengine itawashangaza. Kwa vyovyote vile, mtakuwa mmeichunguza klabu yenu kwa njia ya kisayansi, na mlezi wenu atakuwa amepata kitu ambacho semina haikumpa: habari za kweli za kazi yake mwenyewe. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Huenda msichana wa dirishani alikuwa na jibu tangu mwanzo, akikosa tu sekunde mbili za kulitoa.