Kabla ya kuita walimu wa univesite

Ndugu wanamemba, huku Kivu ugonjwa wa kunyauka unamaliza migomba yetu. Koperative inaweza kuomba masomo kwa fakilte ya kilimo, kama ile ya UEA kule Bukavu. Lakini tupange mbele.

Kwanza, tuchague swali moja: tukate mgomba wenye ugonjwa peke yake, ao tung'oe na watoto wake wote?

Pili, masomo yafanyike shambani. Mwalimu aonyeshe kukata mgomba mgonjwa chini kabisa, na kupitisha panga kwenye moto mbele ya kugusa mwingine.

Tatu, saa iwe ile wamama wametoka soko.

Mwisho, arudi nyuma ya miezi, tuhesabu pamoja migomba iliyopona. Masomo ya siku moja hayaponyeshi shamba.