Shirikisho la Afrika Mashariki na Mamlaka Kuu ya Taifa: Ni Kipi Hasa Kinachotolewa?

Mnamo tarehe 5 Juni 1963, siku nne tu baada ya Kenya kupata madaraka ya ndani, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitia sahihi azimio mjini Nairobi wakiahidi kuunda shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki kabla ya mwaka huo kumalizika. Mwaka ulimalizika na shirikisho halikuonekana. Tangu hapo hoja hii imezikwa na kufufuliwa mara kadhaa, na kila inapofufuliwa husikika swali lile lile: je, tuko tayari kupoteza uhuru wetu? Makala haya yananuia kuonyesha kwamba swali hilo, jinsi linavyoulizwa, lina kasoro. Linachukulia kuwa mamlaka kuu ya taifa ni kitu kimoja ambacho ama hubakia chote au hupotea chote siku moja.

Yafaa kwanza tutenganishe istilahi, kwa kuwa katika mijadala yetu maneno jumuiya, muungano na shirikisho hutumiwa kana kwamba ni visawe. Jumuiya, kwa maana ya Mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ni mapatano baina ya mataifa huru: kila moja lina jeshi lake, sarafu yake na kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Shirikisho ni jambo jingine kabisa. Hapo huzaliwa dola mpya yenye katiba yake, na yaliyokuwa mataifa huwa sehemu za dola hiyo, zikibaki na yale tu ambayo katiba imeziachia. Kati ya hayo mawili pana konfederesheni, ambapo mataifa hubaki huru lakini hukabidhi mambo machache yaliyotajwa kwa chombo cha pamoja. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi wanachama waliichagua hii ya tatu kuwa hatua ya mpito kuelekea shirikisho. Msomaji atambue basi kwamba linalozungumzwa kwa sasa si dola moja, bali hatua iliyo kabla yake.

Sehemu ya mamlaka tumekwisha kuitoa, tena bila kilio. Umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005, bidhaa kutoka nje ya Jumuiya ziliwekewa viwango vya pamoja vya asilimia 0, 10 na 25; mwaka 2022 kikaongezwa kiwango cha asilimia 35. Tangu hapo waziri wa fedha wa Kenya akitaka kutoza kiwango kilicho tofauti hulazimika kutafuta idhini ya wenzake. Mamlaka ya kutoza ushuru ni miongoni mwa nguzo kongwe za dola, ilhali sijasikia maandamano yaliyofanywa kuililia.

Kwa upande mwingine, Mkataba umeyaachia mataifa kufuli kadhaa. Mkutano wa wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano. Mswada uliopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki huhitaji idhini ya wakuu wote wa nchi, na mmoja wao akikataa, mswada huo hufa. Aidha, kifungu cha 145 kinairuhusu nchi kujiondoa ikiwa thuluthi mbili ya wabunge wake wataridhia na ilani ya miezi 12 ikatolewa.

Hata hivyo, mpaka halisi wa mamlaka hauonekani katika maandishi hadi pale chombo cha pamoja kinapoiambia serikali: "Hapana." Kenya iliambiwa hivyo mwaka 2006. Kifungu cha 50 cha Mkataba kinataka Bunge la kila nchi kuwachagua wabunge 9 wa kwenda Arusha. Badala ya uchaguzi, vyama vya siasa viliteua majina yao, kamati ya Bunge ikayapitisha, na mambo yakahesabiwa kuwa yamekwisha. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mnamo Novemba 2006 Mahakama ilizuia wabunge hao wasitambuliwe, na mnamo Machi 2007 ikaamua kuwa kanuni za Kenya zilikiuka Mkataba. Ilibidi kanuni mpya zitungwe na uchaguzi ufanywe.

Kilichotukia kati ya maamuzi hayo mawili ndicho kinachostahili kutafakariwa. Mwezi Desemba 2006, wiki chache tu baada ya zuio lile, nchi wanachama, ambazo wakati huo zilikuwa tatu, ziliurekebisha Mkataba. Mahakama iligawanywa kuwa na kitengo cha rufani, na sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa. Chama cha wanasheria wa Afrika Mashariki kilishtaki. Mwaka 2008 Mahakama iliamua kwamba kuurekebisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulikiuka Mkataba wenyewe. Lakini haikuyabatilisha marekebisho hayo. Kwa maoni yangu, kisa hiki kinafundisha zaidi ya hotuba 100 za shirikisho. Mwananchi wa Kenya alipata haki Arusha dhidi ya Bunge lake mwenyewe. Je, uhuru wake ulipungua au uliongezeka? Walioona umepungua ni watawala.

Hapa ndipo tunapofika kwenye suala la mwenye mali. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 1, inasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Viongozi wanayashika kwa niaba tu. Ikiwa ndivyo, anayeweza kuyatoa kwa chombo kingine ni mwananchi, baada ya kuulizwa na kuelewa anachoulizwa. Ilipoundwa kamati iliyoongozwa na Amos Wako mwaka 2004 kuharakisha shirikisho, wananchi wa nchi tatu walikuja kuulizwa maoni. Wengi wa Watanzania walikataa kuharakishwa, hofu ya ardhi ikiwa mojawapo ya sababu, na mwaka 2007 mwendo ukapunguzwa. Jibu hilo liliwaudhi baadhi ya wapenda shirikisho, lakini ni nadra kwa wananchi wa kanda hii kulitumia fungu lao la mamlaka waziwazi namna ile.

Kuelewa kunahitaji lugha. Mkataba wa 1999 ulifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikitajwa katika kifungu cha 137 kuwa kitakuzwa kama lugha ya mawasiliano mapana. Mkulima anayeombwa kukabidhi sehemu ya mamlaka yake hawezi kuulizwa kwa istilahi ambazo hata mwalimu wake hajazisikia, na kazi hii ya istilahi ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Rasimu yoyote ya katiba ya konfederesheni itakayoletwa mbele yetu isomwe kwa kuanzia mwisho. Dola za shirikisho kwa kawaida hazina mlango wa kutokea. Katiba ya Ethiopia ya 1995, inayoziruhusu sehemu zake kujitenga, ni kighairi. Kinachofaa kutafutwa kwanza ni kifungu kitakachochukua nafasi ya kile cha 145, kisha kile kinachoeleza ni nani anayeweza kumwondoa jaji.