Ukuta wa Mawimbi Katika Nyumba ya Tiira

Wanawake wa Kisamia na Kiteso wamekandika kuta kwa udongo na samadi ya ng'ombe kwa vizazi vingi, na mkono unapopita juu ya tope bichi huacha mawimbi ambayo fundi wa mjini leo hulipisha fedha nyingi kuyaiga. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Tiira, mji wa machimbo ya dhahabu mashariki mwa Uganda, anayetaka ukuta wa sebuleni wenye michoro ya kupapasika hana haja ya kuagiza makopo ya bei ghali Kampala au Nairobi. Kinachohitajika ni chokaa, nayo huchomwa Tororo, kutokana na mawe ya huko huko.

Ninaisisitiza chokaa kwa sababu ya unyevu. Mvua zetu huja misimu miwili, na matofali ya kuchoma hunyonya maji kutoka ardhini. Ukipaka puti ya jasi juu yake, unyevu huilainisha; ukifunika kwa rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea na mapambo huvimba na kubanduka. Chokaa huruhusu mvuke upite. Tena kadiri inavyokauka hunywa kabonidayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe la aina ile ile iliyoingia tanurini. Plasta zilizochongwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu, kazi ya karne ya 18, zimedumu kwa uwezo huo.

Plasta mpya ya saruji iache wiki 4. Kisha gundisha kipande cha nailoni ukutani usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone ya maji ndani yake, subiri. Michoro haifichi ukuta mbovu, wala haitibu.

Loweka chokaa kwenye ndoo angalau wiki moja, ukivaa glovu na miwani, maana inaunguza ngozi na macho. Changanya sehemu 1 ya chokaa hiyo nzito na sehemu 2 za mchanga laini uliochekechwa. Hapa nasema kwa mkazo: usichukue mchanga wa mabaki ya machimbo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, na sumu hiyo haina nafasi katika nyumba wanamolala watoto.

Lowesha ukuta, paka tabaka la milimita 2 hadi 3 kwa mwiko, na ungoje mng'ao wa maji upotee. Dakika hizo ndizo kazi yote. Ukiwahi, mchoro unajaa tena, ukichelewa, unakwaruza. Buruta ufagio wa chelewa upate mistari, gonga kwa sponji upate vinundu, au bonyeza nailoni iliyokunjwakunjwa upate mikunjo kama ya kitambaa. Wawe watu 2, mmoja apake na mwenzake afuate akichora, wala wasisimame kabla ya kufika pembeni, la sivyo muungo utaonekana daima. Ncha kali zinyooshe kwa mwiko uliolazwa.

Rangi iwe ya chokaa nyembamba iliyotiwa udongo mwekundu, uliochukuliwa mbali na machimbo, ukaoshwa na kuchujwa. Wekundu wake ni wa oksidi ya chuma, na chokaa haiudhuru. Udongo usizidi sehemu 1 kwa 10 za chokaa. Paka, kisha pitisha kitambaa chenye unyevu: rangi itabaki mabondeni na vilele vitapauka.

Chagua ukuta mmoja tu, ule unaopigwa na nuru ya dirisha kwa ubavu, maana kivuli ndicho kinachoonyesha mchoro. Nuru ikiupiga usoni, kazi yote inapotea. Jikoni kwa kuni usijaribu. Masizi hujificha mashimoni na hayasuguliki.

Chokaa iliyobaki ifunike kwa maji ndani ya ndoo yenye mfuniko. Hukaa miaka bila kuganda. Mtoto akichubua ukuta, lowesha kidonda cha ukuta, changanya chokaa na mchanga kama mwanzo, jaza, na uvute ufagio kufuata mistari ya zamani.