Mifano Mitano Haikutosha

Imezoeleka katika shule zetu kwamba mwalimu wa Hisabati hutoa mifano mitatu ubaoni, akaandika kanuni chini yake, nao wanafunzi wakainakili pasi na swali. Hata mimi nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, na leo naungama kwamba nilikosea. Nambari iliyonizindua ni hii: 4,294,967,297.

Asili yake si ngumu. Twaa 2, uongeze 1, upate 3. Zidisha 2 kwa nafsi yake, uongeze 1, upate 5. Zidisha 4 kwa nafsi yake, uongeze 1, upate 17. Ukiendelea vivyo hivyo utafikia 257, kisha 65,537. Zote tano ni nambari tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mnamo 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliandika katika barua kwamba aliamini nambari zote za ukoo huu ni tasa. Alikiri pia, na kwa hilo namheshimu, kwamba hakuwa na uthibitisho kamili.

Nambari yetu ndiyo ya sita. Mnamo 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ni zao la 641 na 6,700,417. Mwanafunzi mwenye kalamu na karatasi anaweza kuhakikisha haya bila kikokotoo, naye afanye hivyo kabla ya kuniamini.

Je, Euler alibahatisha? Hasha! Anayejaribu kigawo kimoja kimoja ana tasa 6,542 zilizo chini ya 65,536 za kupitia. Lakini Euler alithibitisha baadaye kwamba kigawo chochote tasa cha nambari hii sharti kibakishe 1 kinapogawanywa kwa 64. Basi tunaanza na 193, tunafuata 257, 449, 577, na tunapofika 641, ambayo ni ya tano tu, kazi imekwisha. Walimu wenzangu watambue pia kwamba 641 ni 5 mara 128 ukiongeza 1, na papo hapo ni 625 ukiongeza 16. Kutokana na mambo hayo mawili uthibitisho mzima unaweza kuandikwa ubaoni kwa mistari michache, bila kugawanya chochote.

Nilipomaliza kuyaeleza haya darasani, msichana mmoja aliinua mkono kwa furaha. "Mwalimu, basi kanuni ni kwamba kuanzia ya sita hakuna iliyo tasa!"

Nilimwuliza amejuaje. Kuanzia hiyo ya sita, nambari 28 mfululizo zimekwisha kuthibitishwa kuwa si tasa, na baada ya 65,537 hakuna tasa nyingine ya ukoo huu iliyowahi kupatikana. Hata hivyo, hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.